Kodi ya Usingizi

Mjini Kiwambo kodi ya nyumba ililipwa kwa usingizi, na Tausi, mwenye mapacha wanaonyonya, alibakiwa na saa mbili tu kwa siku. Akalipa usingizi wa mumewe wa mwaka mzima, bila kumwambia.

Siku ya nne mumewe, Shaweji, akamshtaki barazani, macho mekundu, mapacha mabegani.

"Mama Pacha, kwa nini wangu?"

"Ndio uliokuwepo nyumbani. Ulikuwa unakoroma."

Mwenyekiti akaficha kicheko kwa kikohozi. "Bibi, ukimwomba radhi tutamrudishia, tuchukue wako. La sivyo, atabaki macho, nasi tunamteua yeye kwenye kiti kilicho wazi, cha mjumbe asiyelala."

Mtoto mmoja akalia.

"Huyu ni tumbo, si njaa," Shaweji akasema bila kumtazama. Wiki iliyopita hakuweza hata kuwatofautisha.

"Siombi radhi," Tausi akasema.