Majani Juu ya Uzio

Mshonaji alingoja mpaka mgongo wa Bibi Harusi ulipopotea kwenye kona ya kwenda kisimani, ndipo akaurusha mzigo wa majani ya mlusina juu ya uzio wa banda la bata la mwenzake huyo. Bata walikurupuka, kisha wakaurudia mbio, wakigombania ncha laini.

"Kuleni," alinong'ona. "Kuleni mpaka mvimbiwe."

Akajipangusa mikono kwenye kanga, akarudi kwenye cherehani yake kibarazani kama mtu aliyetoka kuota jua.

Bibi Harusi alikuwa mke wa shemeji yake mdogo. Jina hilo lilimganda tangu siku ya arusi, na sasa alikuwa na mtoto mgongoni. Walikaa ua mmoja, milango ikitazamana, kila mmoja na banda lake la bata, na katikati chumba cha mama mkwe wao. Bata wa Bibi Harusi walitaga kana kwamba wanashindana. Wa Mshonaji walikula, wakachafua, wakalala.

Mama mkwe meno yalikuwa yamemwisha, lakini ulimi alikuwa nao.

"Bata wa Mshonaji wamemfuata mwenyewe," alisema siku moja mbele ya wageni, huku akimenya yai la Bibi Harusi. "Kazi yao kukalia kiota tu."

Wageni walicheka. Mshonaji, ambaye tangu aolewe hakuwahi kushika mimba, alicheka nao. Angefanyaje? Jioni ile sindano ilimchoma kidole, wala hakuhisi.

Ndipo yakamjia maneno ya bwana mifugo aliyepita kukagua mabanda yao. Mlusina ni mti wa jamii ya kunde, alisema, majani yake mabichi yanamjenga bata wa mayai. Wayakatekate, wachanganye na pumba. "Lakini kidogo, mama zangu. Yakizidi, mayai yanakatika."

Wenzake walisikia yote. Yeye alishika hilo la mwisho.

Haikuchukua muda, Bibi Harusi akaanza kutoka bandani mikono mitupu. "Leo hamna, mama," alimwambia mama mkwe. Kesho yake vilevile. Na kama mzaha, bata wa Mshonaji nao wakafunguka. Aliinama asubuhi akakuta mayai makubwa, safi, yamelala kiotani. Yalikuwa yamepoa kabisa, na bata wake wamesimama kando wakiyatazama kama wageni wasiotarajiwa.

"Kumbe mkaza mwanangu ana mkono wa baraka!" mama mkwe alisema, akalipasua yai kwa furaha. Kisha akamgeukia Bibi Harusi. "Na wewe, umewafanya nini wale bata? Umezaa mmoja, basi umeona umemaliza kazi ya dunia."

Bibi Harusi aliinamisha kichwa, akambembeleza mtoto. 

Siku ya kwanza sifa zile zilikuwa tamu. Siku zilizofuata zilimkaa Mshonaji kooni kama mwiba wa samaki. Kila alipokanyaga cherehani alimwona yule binti anayesemwa kwa kosa lisilo lake. Tena binti gani? Yule ambaye watu walipouliza, "Na wewe Mshonaji, lini?" alimtoa mwanawe mgongoni, akamtia mikononi mwa Mshonaji na kusema, "Huyu wako, dada. Mimi nimemzaa tu."

Aliacha kukata majani. Alilificha hata panga lenyewe. Lakini mayai ya Bibi Harusi hayakurudi, naye akajua moyoni kwamba ameharibu kitu kisichotengenezeka.

Kisha mama mkwe akatoa hukumu. "Kesho bata wote wahamie banda la Mshonaji. Mwenye mkono ndiye afuge."

"Sawa, mama," alisema Bibi Harusi. Hata uso hakuukunja.

Usiku kucha Mshonaji aligeuka kitandani kama chapati juu ya moto. Mumewe akamuuliza, "Unaumwa?" Akasema, "Naumwa na nafsi yangu." Kulipopambazuka alijifunga kanga na kuvuka ua. Atasema yote, liwe liwalo. Afadhali aitwe mchawi kuliko kupokea bata wa watu aliowaharibu mwenyewe.

Mlango wa Bibi Harusi ulikuwa wazi, mwenyewe hayumo. Mtoto alikuwa amelala mkekani. Mshonaji alisikia mchakacho nyuma yake, ukitokea upande wa banda lake mwenyewe. Akaenda akachungulia.

Bibi Harusi alikuwa amechuchumaa mbele ya kiota, akitoa mayai kwenye pindo la kanga, moja moja, akiyalaza polepole.

"Mdogo wangu," Mshonaji alisema. "Hayo mayai..."

Yule binti alishtuka, kisha akacheka kwa haya. "Umenikamata! Usimwambie mama, tafadhali. Bata wangu hawajaacha kutaga hata siku moja. Wamezidisha, tangu uanze kuwaletea majani."

Mshonaji alishika nguzo ya banda. "Uliniona?"

"Siku ile ile ya kwanza. Nilikuwa nimesahau kata ya kutekea maji, nikarudi. Nikayakusanya, nikawachanganyia kidogo na pumba, mengine nikawapa mbuzi." Alilaza yai la mwisho, akainuka, macho yamejaa machozi. "Nikasema, mtu anasimangwa hivi kwa ajili ya bata wangu, halafu bado anawalisha kwa siri, hataki hata ashukuriwe! Mtu kama huyo, dada, mimi ningemlipa nini?"