Beseni la Mwarobaini

Bi Tatu alikwisha kuchemsha mwarobaini ili amwogeshe bintiye Mashavu, ambaye tajiri wake wa dukani alimbaka asubuhi ile. Kabla hajamgusa, jirani yao Bi Sikudhani akaingia, akalipiga beseni teke.

"Una wazimu?"

"Akioga, ushahidi unakwenda na maji. Kanga nayo usiifue, ifunge kwenye gazeti. Twende hospitali sasa hivi, kuna dawa za kumkinga."

"Watu watamkodolea macho, shoga!"

"Nikitangulia na makalio haya, nani atamwona yeye?"

Mashavu akasimama.

"Mama, twende."

Akanyoosha mkono. Bi Tatu alikuwa bado ameishikilia sabuni, maji yakimpita miguuni.