Nyama ya Mbwa

Theluji ya Norwe ilikuwa imefika madirishani. Wakiwa bado mezani, Mchungaji Halvard alimsomea mkewe, Gunhild, kitabu kilichozungumziwa mji mzima, kisicho na jina la mwandishi. Gunhild alificha mikono chini ya aproni. Alikiandika yeye, kwa siri. Mumewe akijua, kalamu yake itaishia motoni.

“Sikia hili, mama watoto!” Halvard alicheka mpaka machozi. “Mume anampa mbwa nyama laini, mke anaambulia mfupa! Bwege gani huyu?”

“Wapo, baba watoto,” alijibu Gunhild kwa sauti ndogo.

Akiwa bado anacheka, Halvard alichukua kipande cha nyama, akainama kumpa mbwa wake. Mkono ukasita. Akaitazama sahani ya mkewe, na mfupa uliokuwamo.

Chini ya meza, mbwa alitikisa mkia, akingoja.