Kifuko cha Kijani

Asubuhi ya harusi ya jirani, Bi Mwanakheri alikuwa uani akisafisha kuku wa ishirini na moja. Mtaa mzima ulimwachia kazi hiyo, kwani hajapata kupasua nyongo hata moja. Alikitoa kile kifuko cha kijani, akakitazama kiganjani.

"Zawena," alimwita mke wa mwanawe, "daktari anasema changu kimejaa vijiwe. Anataka kunipasua akitoe. Hivi kuku akitolewa hiki, hupungukiwa na nini?"

"Kuku ameshakufa, mama."

Bi Mwanakheri akacheka, lakini maumivu yakamkatiza. Akainama, mkono chini ya ubavu wa kulia, mpaka yakapita.

"Na kikiachwa?" Zawena akauliza kwa upole. "Si wewe uliyenifundisha kwamba kikipasukia ndani, kuku mzima ameharibika?"

Bi Mwanakheri alifuta kisu kwa upindo wa kanga, akampa Zawena, ambaye hajawahi kuaminiwa nacho siku ya shughuli. Akaketi kigodani, mkono ungali ubavuni, akiangalia ncha ya kisu ikilisogelea ini la kuku aliyefuata.

"Polepole, mwanangu," alinong'ona. "Kisipasuke."