Kanzu Nyeupe ya Marehemu

Mtaa mzima hakuna anayefua kanzu ikang'aa kama mimi. Shahidi wa hilo ni mimi mwenyewe.

Siku hizi kamera zote hutoa rangi za uongo, na sheria inataka kila picha isahihishwe mara moja tu. Aliyekuwapo anaonyesha kitu kilichokuwa cheupe, anaapa, mashine inapanga rangi nyingine zote kwa kukifuata hicho, kisha picha ya awali inafutwa.

Wifi yangu Mwanatumu alileta picha ya mwisho ya kaka yake, marehemu mume wangu, akila. Yote ilikuwa manjano.

"Onyesha cheupe, wifi. Nataka sura yake vile ilivyokuwa."

Nikagusa kanzu. "Hii. Niliifua asubuhi ile ile."

Nikaapa. Kanzu ikawa nyeupe pe. Uso wa mume wangu ukawa buluu, na wali sahanini ukawa buluu vilevile.

Mwanatumu aliweka kidole kwenye sahani.

"Wali ule niliupika mimi, na ulikuwa mweupe. Basi kanzu ndiyo iliyokuwa manjano. Uliifua lini, wifi?"

"Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"