Mkwaju wa Garth

Nawategea kitendawili nyinyi mnaosoma: ana kifua cha fahali, anaaga kila mwaka, na haondoki. Msijichoshe, ni mwanangu Garth.

Hii ilikuwa mechi yake ya tatu ya kuagwa. Mji wetu wote wa Featherstone ulikuja tena na skafu, ukala tena pai na njegere, ukalia tena. Mimi nilishachoka kulia. Asubuhi nilimfunga vifungo vya shati, maana vidole vyake havikunjiki, na daktari ameshasema bega likichomoka tena, mkono hautainuka.

Kwenye raga yetu anayestaafu hupewa mkwaju wa mwisho, apitishe mpira kati ya milingoti, hata kama kazi yake miaka yote ilikuwa kugongana na watu. Asiyeupiga mwenyewe hahesabiwi kuwa ameacha. Mara mbili zilizopita Garth alimpa mwenzake apige, na msimu ulipoanza akarudi uwanjani.

Sasa wakampa tena. Nikamwona anageuka kumtafuta mwenzake. Nikashuka hadi kwenye uzio.

"Wewe Garth, unaacha au huachi?"

Akatazama nyasi.

"Mjibu mama yako, jitu zima wewe," akasema mzee mmoja nyuma yangu. "Pai yangu inapoa."

Garth akaja karibu, damu puani, ameukumbatia mpira kama kichanga.

"Naacha, mama," akaninong'oneza. "Nilitaka kuacha tangu mwaka juzi. Ila huu mkwaju nikiukosa, watanicheka."