Bango la Mashavu

Baada ya mafuriko, bwana mkubwa wa misaada aliwauliza watoto wa kambini wanahitaji nini. Mashavu, wa miaka tisa, akasema bila haya, "Mlango wa choo, mjomba. Tukiingia tunachunguliwa." Bwana akaandika, akampiga picha, akaapa kwa mamaye.

Wiki ya tatu gari likarudi, Mashavu akalikimbilia. Mlango haukuwemo. Lilishushwa bango la turubai lenye uso wake ukicheka, na maandishi: TUMEWASIKILIZA WATOTO.

"Umependeza, mwanangu!" bwana akamwambia.

 Bwana na wageni wenzake walipoinamia pilau, Mashavu alilifungua bango kamba, akaenda kulitundika chooni.

Pilau ilimsokota bwana tumbo. Akaja mbio, mkono kiunoni.

"Hodi!"

"Kuna mtu," Mashavu akajibu kutoka ndani, na uso ule wa turubai ukazidi kumchekea.